Deki ya Bei Kubwa: Fedha Hununua Nini?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba, maghala ya vyama vya ushirika katika mkoa wa Mtwara hupokea magunia ya korosho. Minada hufanyika, wakulima hulipwa, na kwa muda wa wiki chache fedha iliyosubiriwa mwaka mzima huwa mkononi. Ndio wakati ambao bati hununuliwa, madeni hulipwa na sare za shule hushonwa. Ndio wakati pia ambao maduka ya vyombo vya umeme mjini Mtwara hupata wateja kutoka vijiji vya mbali, vikiwemo vile vya bonde la mto Ruvuma kama Kitaya, ambako ng'ambo ya maji ni nchi ya Msumbiji.

Na ichukuliwe, kwa mfano, familia moja ya Kitaya ambayo deki yake ya kuchezea diski imekufa. Familia hiyo ina diski za taarabu na za muziki wa dansi, ina filamu kadhaa, na ina diski moja ambayo haina mwenziwe duniani: ile ya harusi ya kifungua mimba wao, ambamo babu, ambaye sasa ni marehemu, anasikika akiwausia maharusi. Diski hiyo imeanza kukwama. Dukani wanaonyeshwa deki mbili. Moja bei yake ni shilingi 80,000, na nyingine ni shilingi 800,000. Muuzaji anasema kwamba ile ya pili ni nzito, sauti yake ni safi zaidi, na inasoma hata diski zilizochakaa.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Tofauti ya shilingi 720,000 si ndogo katika nyumba ya mkulima, wala katika bajeti ya shule. Haifai kuamuliwa kwa kutazama ukubwa wa kasha wala kwa kusikiliza sifa za muuzaji. Swali hili lina majibu katika fizikia na hisabati zinazofundishwa katika shule za sekondari, na kusudi la makala haya ni kuyaeleza majibu hayo.

SANTURI NA SINDANO YAKE

Hapana budi kuanza na santuri, kwa sababu imani nyingi za watu kuhusu deki zimerithiwa kutoka huko. Katika pwani ya Afrika Mashariki santuri ni jambo la zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi nyimbo zake, na santuri zake zikauzwa pwani yote. Santuri za siku hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na zilichezwa kwa sindano ya chuma. Baadaye, mwaka 1948, zilitokea santuri ndefu za plastiki zenye kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Santuri nyingi za bendi za dansi za Tanzania zilichapwa Nairobi.

Katika santuri, mfereji uliochongwa una umbo lile lile la mawimbi ya sauti. Sindano hupita katika mfereji, hutikiswa kulia na kushoto, na mtikiso huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Kwa hiyo kila kinachoitikisa sindano huingia katika wimbo. Mota ikizunguka polepole kwa sehemu sita katika mia moja, wimbo wote hushuka kwa nusu toni. Mhimili ukilegea, mngurumo husikika chini ya muziki. Sindano ikiwa butu, huichimba santuri yenyewe na kuiharibu kabisa.

Ndiyo maana katika zama za santuri bei ya chombo ilikuwa na maana kubwa. Sahani nzito ilizunguka kwa mwendo usiobadilika, mhimili uliosagwa vizuri haukunguruma, na mkono mwepesi haukuila santuri. Mwenye gramafoni nzuri alisikia kilichochongwa, na mwenye gramafoni mbovu alisikia kilichochongwa pamoja na makosa ya mashine. Watu wakaizoea kanuni hiyo, na diski zilipofika wakadhani kwamba inaendelea kufanya kazi vile vile. Hapo ndipo kosa linapoanza.

DISKI NA MWALE WA LEZA

Diski ya muziki, ambayo watu huiita sidii, ilibuniwa na kampuni mbili zilizokubaliana juu ya kanuni moja, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Chombo cha kwanza cha kuichezea kilichouzwa madukani kilikuwa Sony CDP-101, kilichotoka Japani mwezi Oktoba 1982 kwa bei ya yeni 168,000. Tangu siku hiyo hadi leo, vipimo vya diski havikubadilika. Upana wake ni milimeta 120, na unene wake ni milimeta 1.2. Sehemu kubwa ni plastiki inayopitisha nuru, na juu ya plastiki hiyo kuna utando mwembamba sana wa aluminiamu unaong'aa kama kioo, kisha rangi ya kuukinga, kisha maandishi.

Juu ya utando huo kuna vishimo vidogo vilivyopangwa katika njia moja inayojizungusha kutoka katikati kwenda nje. Umbali kati ya mzunguko mmoja na wa pili ni mikrometa 1.6 tu, yaani milimeta 0.0016. Mwanafunzi anaweza kukadiria mwenyewe urefu wa njia yote. Eneo lililoandikwa huanza milimeta 25 kutoka kitovu na kuishia milimeta 58. Eneo la duara kubwa likiondolewa la duara dogo, hubaki milimeta za mraba zipatazo 8,605. Zikigawanywa kwa upana wa njia, yaani milimeta 0.0016, hupatikana milimeta zipatazo 5,380,000. Hiyo ni njia ya kilometa 5.4 iliyoviringishwa ndani ya kitu kinachoenea kiganjani.

Njia hiyo husomwa kwa mwale wa leza ambao jicho haliuoni, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 780. Kina cha kishimo kimepimwa kiwe takriban robo ya urefu wa wimbi la nuru hiyo ndani ya plastiki. Mwale unapofika kwenye kishimo, nuru inayorudi kutoka ndani ya kishimo na ile inayorudi kutoka pembezoni mwake hupishana kwa nusu wimbi, na sehemu kubwa hufutana. Kwa hiyo nuru inayorudi hupungua. Kila mahali ambapo nuru inabadilika, ama kwa kupungua ama kwa kuongezeka, chombo huhesabu 1, na pale isipobadilika huhesabu 0. Hakuna kingine kinachosomwa.

Mambo mawili yafaa yaangaliwe hapa. La kwanza, hakuna kitu kinachoigusa diski, kwa hiyo haichakai kwa kuchezwa. La pili, mwendo wa mota hauingii katika sauti. Diski huzunguka upesi, kiasi cha mara 500 kwa dakika, mwale ukiwa karibu na katikati, na hupungua hadi kiasi cha mara 200 ukiwa pembeni. Tarakimu zinazosomwa humiminwa kwanza katika hifadhi ndogo ya kumbukumbu, kisha hutolewa humo kwa kufuata saa ya kioo cha kwazi. Ni kama mtungi wenye bomba chini yake. Wachotaji wanaweza kumimina ndoo zao kwa vipindi visivyo sawa, lakini maadamu mtungi haukauki wala haufuriki, bomba hutoa maji kwa mwendo ule ule. Mota ya bei rahisi ikiyumba kidogo, wimbo hauyumbi.

KUPIMA BAHARI, KUPIMA SAUTI

Msomaji anaweza kuuliza: sauti ni kitu kinachoendelea bila kukatika, itawezaje kuandikwa kwa tarakimu zilizotengana? Je, katikati ya tarakimu mbili hakuna kinachopotea, ambacho deki ya bei kubwa ingekirudisha?

Watu wa mlango wa Ruvuma wana mfano ulio karibu nao. Bahari hujaa na kupwa, na kutoka kujaa hadi kujaa kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Mtu akichomeka mti wenye alama mahali maji yanapofika, kisha akaandika kina kila saa, atakuwa na namba zilizotengana, lakini kutoka kwa namba hizo ataweza kuchora mwendo wote wa maji bila shaka yoyote. Akipima mara moja tu kwa siku, kila adhuhuri, ataona jambo la ajabu. Namba zake zitaonyesha bahari inayopanda na kushuka mara moja tu katika takriban siku 15. Hakukosea kusoma alama. Amepima mara chache mno, na hivyo amejipatia wimbi la uongo.

Wanahisabati walithibitisha katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwamba wimbi lolote linaweza kurudishwa kamili ikiwa litapimwa zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Majina ya Harry Nyquist na Claude Shannon yanahusishwa na kanuni hiyo. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi kiasi cha 20,000 kwa sekunde, na mtu anavyozeeka kikomo cha juu hushuka. Ndiyo maana sauti ya diski hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara mbili ya 20,000. Kati ya kipimo na kipimo, kwa mitetemo inayosikika, hakuna kilichofichwa ambacho deki fulani ingekijua na nyingine isikijue.

Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na hivyo huweza kuwa daraja moja kati ya madaraja 65,536. Tofauti kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa huwa kiasi cha desibeli 96. Hiyo ni zaidi ya nafasi iliyopo kati ya ukimya wa nyumba ya kijijini usiku na sauti kubwa inayovumilika bila kuumiza masikio.

DAFTARI LA GHALA

Yabaki madai ya kwamba deki ya bei kubwa husoma diski zilizochakaa. Hapa pia mfano wa nyumbani utasaidia. Karani wa ghala la korosho ameandika uzito wa magunia manne na jumla yake: 61, 58, 62, 60, jumla 241. Tone la mvua limefuta namba ya tatu. Hakuna haja ya kulipima gunia upya, kwani 241 ukiondoa 61, 58 na 60 inabaki 62. Namba moja ya ziada imeokoa namba iliyopotea. Lakini tone likifuta namba mbili za mstari mmoja, jumla moja haitoshi. Karani mwerevu basi hatayaandika magunia ya mkulima mmoja pamoja. Atayatawanya katika kurasa mbalimbali, ili tone moja lifute namba moja tu ya kila mkulima.

Diski hufanya mambo hayo mawili kwa pamoja. Tarakimu za ziada huongezwa kwa njia ya hisabati iliyotangazwa mwaka 1960 na Irving Reed na Gustave Solomon, kisha tarakimu zote hutawanywa katika njia. Kutokana na mpango huo, pengo la hadi kiasi cha milimeta 2.5 kufuata njia huweza kuzibwa kabisa, na sauti inayotoka ikawa ile ile iliyoandikwa. Pengo likizidi, chombo hukisia namba iliyokosekana kwa kutazama jirani zake. Likizidi zaidi, hunyamaza au huruka.

Utaratibu huu umo ndani ya kanuni ya diski yenyewe. Deki ya shilingi 80,000 inao na ya shilingi 800,000 inao. Katika diski za filamu, yaani dividii, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, wazo ni lile lile, ila vishimo ni vidogo zaidi, njia zimekaribiana hadi mikrometa 0.74, na mwale ni mwekundu wa nanometa 650. Kinachotofautisha deki moja na nyingine ni wepesi wa lenzi kuifuata njia diski inapoyumba, na nguvu ya leza. Leza hudhoofika kwa umri, na lenzi hufifia kwa vumbi na moshi. Kwa hiyo deki mpya ya bei ndogo yaweza kusoma diski ambayo deki ya zamani ya fahari imeshindwa, na bei peke yake si kipimo cha uwezo huo. Njia ya hakika ni kwenda dukani na diski inayokwama na kuijaribu papo hapo katika deki zote mbili kabla ya kulipa.

BASI TOFAUTI IKO WAPI?

Isidhaniwe kwamba deki zote ni sawa. Zipo tofauti za kweli, na ni vyema zitajwe moja moja.

Kwanza, aina za diski zinazosomwa. Diski za Blu-ray husomwa kwa mwale wa nanometa 405, na deki isiyo na mwale huo haitazisoma kamwe. Mwenye diski hizo ana sababu ya kulipa zaidi. Asiyekuwa nazo atalipia mlango asioufungua.

Pili, sehemu inayogeuza tarakimu kuwa umeme wa sauti. Deki iliyotengenezwa ovyo yaweza kutoa mvumo au sauti hafifu. Lakini kasoro za sehemu hiyo, hata katika deki nyingi za bei ndogo, hupimwa kwa sehemu za asilimia moja, ilhali spika za kawaida zikipiga besi kwa nguvu hupotosha sauti kwa asilimia kadhaa. Mwenye kuongeza fedha kwenye spika atasikia alichokinunua kwa urahisi kuliko mwenye kuiongeza kwenye deki.

Tatu, umeme. Deki iliyoandikwa mgongoni volti 100 hadi 240 huvumilia umeme unaopanda na kushuka kuliko ile iliyoandikwa volti 230 peke yake. Nyingi za bei ndogo ni za aina ya kwanza, na baadhi ya zile nzito zenye transfoma kubwa ni za aina ya pili. Uzito wa kasha, ambao muuzaji huusifu, aghalabu ni wa transfoma na bati.

Nne, hali ya hewa. Upepo wa pwani una chumvi na unyevu, na vyote viwili hula viunganishi vya shaba na chuma. Joto hukausha kapasita. Sisimizi na mijusi hupenda kuingia katika matundu ya kupozea. Adui hawa hawaulizi bei. Kitambaa safi cha kufunika chombo kikiwa kimezimwa na kimepoa, na meza iliyo mbali na dirisha, huongeza umri wa deki yoyote.

Tano, matengenezo. Lenzi ya deki ya kawaida ni rahisi kwa fundi kuipata na kuibadilisha. Deki ya fahari huenda ikahitaji kipuri kutoka nje, na huenda watengenezaji wake wameacha kazi hiyo. Kampuni ya Oppo Digital ya Marekani iliuza deki aina ya UDP-205 kwa dola 1,299, nayo ilisifiwa sana. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitatengeneza deki mpya.

JARIBIO LA MASIKIO

Pamoja na hayo yote, wapo wasikilizaji waaminifu wanaosema kwamba wamesikia tofauti kwa masikio yao. Sayansi haiwezi kuwaita waongo. Huwaomba wafanye jaribio.

Jaribio lenyewe laweza kufanywa darasani. Ziletwe deki mbili, nakala mbili za diski moja, amplifaya moja na spika zile zile. Kwanza nguvu ya sauti isawazishwe kwa kupima volti kwenye spika kwa mita, huku ukichezwa mlio mmoja usiobadilika. Hatua hii ni ya lazima, kwa sababu sikio huiona sauti iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo iliyo nzuri, hata pale mtu asipotambua kwamba imezidi ukubwa. Deki zinazotoa volti zisizolingana hushindanishwa kila siku madukani, na yenye volti nyingi hushinda.

Kisha mwanafunzi mmoja, akiwa nyuma ya pazia, arushe sarafu kuamua ni deki ipi ichezwe. Msikilizaji aseme ni ipi. Irudiwe mara 10 na majibu yaandikwe. Msikilizaji asiyesikia tofauti yoyote atapata kwa kubahatisha kiasi cha majibu 5. Uwezekano wa kubahatisha na kupata 8 au zaidi ni 56 katika 1,024, yaani zaidi kidogo ya asilimia 5. Uwezekano wa kupata 9 au zaidi ni 11 tu katika 1,024. Kwa hiyo anayepata 6 hajathibitisha kitu, na anayepata 9 anastahili kusikilizwa tena kwa makini. Mwalimu wa hisabati atapata humo somo zima la uwezekano.

Majaribio ya aina hii yamefanywa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Marekani walitangaza matokeo ya majaribio 554, ambamo wasikilizaji walilinganisha sauti ya diski za kiwango cha juu na sauti hiyo hiyo baada ya kupitishwa katika kipimo cha kawaida cha biti 16 na mara 44,100. Majibu sahihi yalikuwa 276, yaani karibu sawasawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya pamoja matokeo ya tafiti 18 za namna hiyo, na akapata wastani wa majibu sahihi wa asilimia 52.3. Kiwango hicho kimepita 50 kwa namna isiyoelezeka kwa bahati tu, na hivyo haitakuwa haki kusema kwamba tofauti haipo kabisa. Lakini ni tofauti ndogo sana, nayo ilihusu viwango vya kurekodi, wala si bei ya deki mbili zinazocheza diski moja ya kawaida.

DISKI ISIYO NA MWENZIWE

Yafaa sasa kuirudia familia ya Kitaya mbele ya meza ya duka. Diski zao ni za muziki na filamu za kawaida, na nyumbani kuna spika ndogo. Deki ya shilingi 80,000, ikiwa imejaribiwa, haina mvumo na inaandikwa volti 100 hadi 240, itawatolea tarakimu zile zile zilizomo katika diski. Sehemu ya shilingi 720,000 zinazobaki yaweza kununua spika bora na kifaa cha kusawazisha umeme, na bado kukawa na akiba.

Lakini liko jambo moja lisilongoja, nalo ni ile diski ya harusi. Diski za dukani hupigwa chapa kiwandani, na vishimo vyake ni vya kudumu. Diski zinazorekodiwa na wapiga picha wa harusi ni za aina nyingine. Hazina vishimo. Zina utando wa rangi ambao leza ya kurekodia imeuchoma madoa, na rangi hiyo hufifia polepole kwa joto, unyevu na hasa kwa jua. Rangi ikifika mahali fulani pa kufifia, hakuna deki ya bei yoyote itakayoirudisha. Diski inayokwama kwa sababu hiyo haiponi kwa kununuliwa deki ya fahari.

Tiba yake ni kunakiliwa mapema, wakati bado inasomeka. Kwanza isafishwe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kwa kufuta kutoka katikati moja kwa moja kwenda nje. Isifutwe kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaokata njia ni rahisi kuzibwa na hesabu za Reed na Solomon, lakini ule unaofuata njia hufuta tarakimu nyingi mfululizo. Kama ni sidii, upande wa maandishi uangaliwe zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwani utando unaong'aa uko chini kidogo tu ya rangi hiyo, na kalamu ya ncha kali yaweza kuutoboa. Kisha diski ijaribiwe katika deki na kompyuta mbalimbali hadi ipatikane moja inayoisoma mpaka mwisho, na yaliyomo yanakiliwe katika vyombo viwili au vitatu vilivyowekwa nyumba tofauti. Nakala ya tarakimu haipungui chochote kwa asili yake, na nakala ya nakala ni sawa na ile ya kwanza. Katika santuri na kanda jambo hilo halikuwezekana.

Shule nyingi nazo zina diski za masomo, za sherehe na za ngoma zilizorekodiwa mara moja tu. Kazi ya kuzihesabu, kuzisafisha na kuzinakili haihitaji fedha nyingi. Yahitaji klabu ya sayansi yenye kompyuta moja na subira, na ifanywe kabla ya msimu mwingine wa joto kupita. Sauti ya babu wa Kitaya ikiwa salama katika nakala tatu, familia yake yaweza kuisikiliza kwa deki yoyote itakayowafaa.